Akiba ya mbegu za mafuta nchini Tanzania

Akiba ya mbegu za mafuta nchini Tanzania ni kiasi cha alizeti, karanga, ufuta, mbegu za pamba, soya na mazao mengine ya mafuta kilichohifadhiwa nchini kwa wakati fulani: nyumbani kwa mkulima, katika ghala la chama cha ushirika, katika stoo ya mfanyabiashara au kiwandani. Akiba hiyo huongezeka baada ya mavuno na hupungua kadiri mbegu zinavyokamuliwa, kuliwa, kupandwa au kuuzwa nje ya nchi.

Mabadiliko ya akiba kati ya mwaka mmoja na mwingine huonyesha jambo ambalo takwimu za mavuno peke yake hazilionyeshi, yaani kama nchi ilibakiwa na kitu cha kuivusha hadi mavuno yanayofuata. Tanzania ni kati ya nchi za Afrika zinazolima mbegu nyingi za mafuta, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2020 ilikuwa bado inanunua kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kupikia inayotumia. Sababu mojawapo ni kwamba mbegu nyingi huuzwa katika miezi michache baada ya kuvunwa, na akiba inayobaki ni ndogo.

== Maana na namna ya kukokotoa ==

Hesabu ya akiba ni sehemu ya mizania ya chakula, jedwali ambalo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) hulitengeneza kwa kila nchi na kila kundi la mazao. Kanuni yake ni rahisi: kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka pamoja na kilichobaki.

Upande wa kuingia una mambo matatu: akiba ya mwanzo wa mwaka (huitwa pia bakaa ya msimu uliopita), uzalishaji wa mwaka huo, na manunuzi kutoka nje. Upande wa kutoka una mauzo ya nje, mbegu za kupanda, chakula cha watu, chakula cha mifugo, kiasi kilichokamuliwa na kiasi kilichopotea. Tofauti kati ya pande hizo mbili ni akiba ya mwisho wa mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wilaya moja ina akiba ya mwanzo ya tani 10 za alizeti. Inavuna tani 100 na kununua tani 5 kutoka wilaya jirani. Inauza nje ya wilaya tani 30, inatenga tani 3 kwa ajili ya mbegu, inapoteza tani 7 kwa panya, mvua na ukungu, na inakamua tani 60. Kilichoingia ni tani 115, kilichotoka ni tani 100. Akiba ya mwisho ni tani 15. Kwa kuwa mwaka ulianza na tani 10, mabadiliko ya akiba ni ongezeko la tani 5.

Msomaji wa majedwali anapaswa kuangalia alama. Katika mizania za zamani za FAO, kiasi kilichoongezwa kwenye akiba kiliandikwa kwa alama ya kutoa, kwa sababu kiliondolewa kwenye matumizi ya mwaka ule. Majedwali mengine hufanya kinyume. Kwa hiyo namba ileile inaweza kumaanisha kujaza ghala au kulimaliza, kutegemea jedwali limetengenezwa kwa utaratibu gani.

Akiba ya mbegu isichanganywe na akiba ya mafuta. Kilo 100 za alizeti yenye ubora wa wastani, zikikamuliwa vizuri, hutoa kilo 30 hivi za mafuta, ambazo ni takriban lita 33. Kinachobaki ni maganda na mashudu, ambayo ni chakula cha mifugo. Nchi inaweza kuwa na matangi yaliyojaa mafuta huku haina mbegu hata gunia moja, na inaweza kuwa na maghala ya mbegu huku maduka hayana mafuta.

== Mazao yanayohusika ==

Alizeti hulimwa hasa katika mikoa ya Singida, Dodoma, Manyara, Iringa, Mbeya, Songwe na Rukwa. Ndiyo mbegu kuu inayokamuliwa nchini.

Ufuta hulimwa hasa Lindi, Mtwara, Ruvuma na maeneo mengine ya kusini na katikati. Sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa mbegu, hasa katika nchi za Asia kama China, India na Japani. Kwa sababu hiyo ufuta huleta fedha za kigeni lakini hauongezi sana mafuta ya kupikia nchini.

Karanga hulimwa karibu kila mahali na nyingi huliwa bila kukamuliwa: zikichemshwa, zikikaangwa au zikitwangwa kuwa kiungo cha mboga.

Mbegu za pamba hupatikana katika viwanda vya kuchambua pamba vya kanda ya Ziwa, hasa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita. Karibu theluthi mbili ya uzito wa pamba mbegu anayouza mkulima ni mbegu, hivyo akiba yake hufuata bahati ya pamba. Msimu wa 2005/06 nchi ilivuna takriban tani 376,000 za pamba mbegu; msimu uliofuata mavuno yaliporomoka hadi takriban tani 130,000, na viwanda vya kukamua vikakosa malighafi.

Mchikichi hulimwa hasa Kigoma. Matunda yake hayawekwi ghalani. Yasipokamuliwa mapema baada ya kukatwa, mafuta yake huharibika. Akiba ya mchikichi kwa hiyo iko mtini au iko katika madumu ya mawese.

Nazi hupatikana pwani, Mafia, Unguja na Pemba. Zamani nazi kavu, yaani mbata, ilikuwa bidhaa kubwa ya kuuzwa nje, lakini leo nazi nyingi huliwa nyumbani.

Soya, nyonyo na mbegu nyingine huchangia kiasi kidogo. Soya ilipata soko jipya mwaka 2020, China iliporuhusu kuingizwa kwa soya ya Tanzania.

== Mahali akiba inapokaa ==

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanzishwa mwaka 2008, hununua na kuhifadhi hasa nafaka: mahindi, mtama na mpunga. Mbegu za mafuta hazina hifadhi ya taifa ya ukubwa huo. Akiba yake imetawanyika katika mikono mingi.

Mkono wa kwanza ni wa mkulima mwenyewe. Huyu huweka magunia machache ndani ya nyumba, mengine kwa ajili ya mbegu, mengine kwa ajili ya kukamulia mafuta ya nyumbani, na mengine kama benki: linauzwa gunia moja ada ya shule inapodaiwa au mgonjwa anapopelekwa hospitali.

Mkono wa pili ni wa wafanyabiashara na madalali wanaozunguka vijijini wakati wa mavuno. Mara nyingi mkulima mwenye shida huuza zao lingali shambani kwa bei ya chini, biashara ambayo kusini mwa nchi hujulikana kwa jina la kangomba. Pengine hununuliwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake. Akiba inayotoka kwa njia hizi haionekani kwa urahisi katika takwimu, kwa kuwa magunia yanahesabiwa lakini uzito halisi haujulikani.

Mkono wa tatu ni wa viwanda. Tanzania ina viwanda vikubwa vichache na vinu vidogo vingi vya kukamua, hasa kando ya barabara kuu za Singida na Dodoma. Vingi hufanya kazi kwa nguvu katika miezi ya baada ya mavuno, kisha hupunguza kazi au husimama mbegu zinapokwisha. Kiwanda kinachosimama nusu ya mwaka kinalazimika kulipia mtaji wake kwa kazi ya nusu mwaka tu, na gharama hiyo huingia katika bei ya mafuta.

Mkono wa nne ni maghala ya stakabadhi. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005. Mkulima hupeleka mazao katika chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), mazao hupimwa na kupelekwa katika ghala lenye leseni, hutolewa stakabadhi, kisha mzigo huuzwa kwa mnada na malipo kupitia benki. Utaratibu huu ulianza kwa nguvu katika korosho na baadaye ukatumika katika ufuta. Unapofuatwa, akiba hujulikana kwa kilo, kwa ghala na kwa tarehe. Wakulima wamekuwa wakisifu bei ya mnada na kulalamikia makato pamoja na kuchelewa kwa malipo.

== Historia ==

=== Kabla ya mwaka 1945 ===

Ufuta na nazi vilikuwa bidhaa za biashara ya pwani kabla ya ukoloni. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ufaransa walinunua ufuta wa Unguja, Lamu na pwani ya bara na kuupeleka Marseille, mji uliokuwa na viwanda vingi vya mafuta na sabuni. Huko bara, mawese ya Ujiji yalibadilishwa kwa chumvi, nguo na bidhaa nyingine katika masoko ya Ziwa Tanganyika.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, mbata na ufuta viliendelea kusafirishwa kutoka bandari za pwani. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, karanga za wakulima wa Mwanza zilipata njia ya kwenda nje kwa kuvuka ziwa. Akiba ya wakati huo ilikuwa ya aina mbili: ya nyumbani, iliyohifadhiwa katika vyungu na vihenge, na ya mfanyabiashara, iliyosubiri meli.

=== Mradi wa karanga, 1946–1951 ===

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Serikali ya Clement Attlee ilikubali mwishoni mwa mwaka 1946, na John Strachey, Waziri wa Chakula, akawa msemaji wake mkuu. Lengo lilikuwa kufungua zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Mwaka wa kwanza ilipangwa kulima ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita na ziliharibika upesi. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, hivyo karanga zilizokomaa chini ya ardhi hazikuchimbika. Mvua za eneo hilo hazitabiriki, jambo ambalo Wagogo walioishi hapo walilijua kwa vizazi vingi.

Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko zile zilizonunuliwa kwa ajili ya mbegu. Kwa lugha ya akiba, mradi ulioanzishwa ili kuongeza mafuta duniani uliyapunguza. Kilichobaki ni bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyoendelea kutumika, na reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Karanga ni zao linalohitaji mbegu nyingi. Ekari moja huhitaji kilo 30 hadi 40 za karanga zilizobanguliwa, wakati ekari ya alizeti hutosheka na kilo 2 hivi. Ndiyo maana kaya inayokula karanga zake zote wakati wa njaa hushindwa kupanda msimu unaofuata.

=== Kutoka uhuru hadi miaka ya 1980 ===

Baada ya uhuru mbegu za mafuta zilinunuliwa kupitia vyama vya ushirika. Katika miaka ya 1970 shirika la umma la GAPEX lilipewa kazi ya kununua na kuuza nje mbegu za mafuta na mazao mengine madogo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa katika miaka ya 1980.

Bei ilipangwa na serikali. Ilipokuwa chini, au malipo yalipochelewa, mkulima hakuacha kulima. Aliacha kuuza kwa shirika. Karanga zilikwenda katika magulio, zikavuka mipaka, zikaliwa nyumbani. Manunuzi rasmi ya karanga yalipungua sana. Mtu aliyesoma vitabu vya shirika peke yake angedhani zao limekufa, kumbe akiba ilikuwa imehama kutoka ghala la umma kwenda chini ya vitanda vya wakulima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikosa fedha za kigeni, na mafuta ya kupikia yakawa kati ya bidhaa adimu zilizopangiwa foleni pamoja na sabuni na sukari. Uhaba huo ulisaidia alizeti, zao ambalo mkulima angeweza kulikamua mwenyewe. Mwaka 1985 Mmarekani Carl Bielenberg alibuni nchini Tanzania mashine ndogo ya kukamua kwa mkono, inayosukumwa kwa wenzo. Mashine za aina hiyo zilitengenezwa Arusha na kusambaa vijijini, na baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Aina ya alizeti iliyoenea zaidi ilikuwa Record, ambayo mkulima anaweza kutunza mbegu zake mwaka hadi mwaka, ingawa mafuta yake ni machache kuliko ya mbegu chotara.

=== Soko huria na mafuta kutoka nje ===

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliondoa ukiritimba wa mashirika ya umma. Wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua mbegu, na pia kuingiza mafuta. Mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, yanayosafirishwa kwa meli za matangi na kusafishwa Dar es Salaam, yalikuwa rahisi kuliko ya alizeti na yakashika soko la miji.

Tangu hapo akiba ya mafuta ya Tanzania imekuwa na sehemu mbili zinazoshindana. Moja iko katika magunia ya Singida na Dodoma, nyingine iko katika matangi ya bandarini. Ushuru wa forodha ndio unaoamua ipi iende sokoni kwanza. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi hadi asilimia 25 na wa mafuta yaliyosafishwa hadi asilimia 35 ili kulinda wakulima na wakamuaji wa ndani.

Wakati huohuo utafiti uliendelea. Kituo cha Naliendele, Mtwara, kilitoa aina za ufuta kama Ziada 94 na Lindi 02, na aina ya karanga ya Pendo iliyotolewa mwaka 1998 na kupendwa kwa kuwahi kukomaa.

=== Miaka ya 2018 hadi 2023 ===

Mwezi wa Mei 2018, Ramadhani ikikaribia, mafuta ya kupikia yalipungua madukani na bei ikapanda. Shehena kubwa ilikuwa katika matangi ya Dar es Salaam, lakini haikuweza kutoka kwa sababu ya mvutano kama ilikuwa mafuta ghafi au yaliyosafishwa kwa kiasi, suala lililobadilisha kiwango cha ushuru. Jambo hilo lilijadiliwa bungeni. Lilionyesha kwamba akiba iliyopo lakini haifikiki ni sawa na akiba isiyokuwepo.

Mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianza kusimamia ufufuaji wa mchikichi Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa jukumu la kuzalisha miche bora. Mwaka 2021 ilifuata kampeni ya alizeti iliyolenga mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu, ikiambatana na mbegu za ruzuku.

Mwaka 2022 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Vita vilizuka kati ya Urusi na Ukraine, nchi mbili zinazoongoza kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, na kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei Indonesia ilizuia mawese yake kutoka. Tanzania ilitoa unafuu wa ushuru ili kupunguza makali kwa walaji. Wakulima nao waliitikia bei kubwa kwa kupanda ekari nyingi zaidi. Walipovuna mwaka 2023, bei za dunia zilikuwa zimeshuka na mafuta ya nje yalikuwa mengi sokoni. Bei ya alizeti ikaanguka, na wakulima wa kanda ya kati pamoja na wabunge wao wakalalamika. Wengine waliweka magunia ndani kusubiri bei. Akiba iliongezeka kwa sababu ya hasara, si kwa sababu ya neema.

== Mzunguko wa mwaka ==

Katika kanda ya kati alizeti hupandwa Desemba na Januari na kuvunwa kati ya Mei na Julai. Ufuta wa kusini huingia mnadani kuanzia Juni. Pamba hununuliwa kuanzia Mei au Juni. Kwa hiyo akiba ya nchi hufika kilele Julai na Agosti, na huwa ndogo kabisa kati ya Februari na Aprili.

Bei hufuata mkondo huo kinyumenyume. Mkulima huuza Juni wakati kila mtu anauza, na hununua mafuta Machi wakati hakuna mwenye mbegu. Tofauti ya bei kati ya miezi hiyo ni malipo ya mtu aliyeweza kusubiri. Mwenye ghala, mtaji na magunia hulipwa. Mwenye deni hailipwi subira yake kwa kuwa hakuweza kuwa nayo. Hii ndiyo sababu mikopo inayotolewa kwa dhamana ya stakabadhi ya ghala huhesabiwa kuwa msaada kwa mkulima kama ulivyo mbolea.

== Uhifadhi na upotevu ==

Mbegu za mafuta ni ngumu kuhifadhi kuliko nafaka. Mahindi huhifadhiwa salama yakiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi. Alizeti hutakiwa kukauka hadi asilimia 9 au 10, karanga hadi 7 au 8, na ufuta hadi 6 hivi. Sababu ni kwamba mafuta hayashiki maji. Unyevu wote uliomo hukusanyika katika sehemu ya mbegu isiyo na mafuta, na hapo ukungu hupata makazi.

Karanga zisizokauka vizuri hushambuliwa na ukungu unaotoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini na isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu kadhaa; chanzo kikubwa kilikuwa mahindi, lakini ulikumbusha hatari iliyomo pia katika karanga. Karanga zikaushwe juu ya turubai au chanja, zisinyunyiziwe maji ili kurahisisha kubangua, na zilizosinyaa au kuota ukungu zitengwe.

Alizeti iliyowekwa katika joto kwa muda mrefu hutoa mafuta yaliyochacha. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na hewa ipite. Gunia lililoharibika huhesabiwa kama akiba hadi siku linapofunguliwa. Hapo ndipo jedwali na ghala vinapotofautiana.

== Mfano wa Kakesio na Karatu ==

Wilaya jirani za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, zinaonyesha jinsi akiba ya taifa inavyofika au isivyofika kwa mlaji.

Karatu ni wilaya ya wakulima. Alizeti hulimwa humo pamoja na mahindi, ngano na mbaazi. Kaya inaweza kuweka magunia yake, kukamua, kutumia mafuta na kuwapa ng'ombe mashudu.

Kakesio ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro iliyoko kusini magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa Ziwa Eyasi. Wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kimasai. Kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiwango kidogo cha kujikimu mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena mwaka 2009. Kaya ya Kakesio kwa hiyo haiwezi kuwa na akiba ya mbegu za mafuta iliyotoka shambani mwake.

Zamani pengo hilo halikuonekana sana, kwa sababu mafuta ya mfugaji yalitoka kwa mifugo: samli iliyotokana na maziwa, na mafuta ya mnyama aliyechinjwa. Kadiri idadi ya mifugo kwa kila mtu inavyopungua na ugali unavyochukua nafasi ya maziwa, mafuta ya dukani huwa hitaji la kila siku. Huko huuzwa kwa kipimo kutoka katika dumu, na mwenye fedha kidogo hununua ya kutosha mboga ya siku hiyo. Akiba ya kaya ni ya siku moja, na akiba ya kijiji ni madumu yaliyoko dukani hadi gari lingine lifike. Mvua zikiharibu barabara, kijiji kinaweza kukosa mafuta katika mwaka ambao Singida ina magunia yaliyokosa mnunuzi.

Mfugaji huguswa na akiba hii kwa njia ya pili, yaani mashudu. Wakati wa ukame, majani yanapokwisha, mashudu ya alizeti na ya pamba ni kati ya vyakula vinavyoweza kuokoa ng'ombe dhaifu. Lakini mwisho wa kiangazi ndio wakati ambao akiba ya mbegu imepungua na vinu vingi vimepunguza kazi. Mashudu huwa ghali wakati uleule yanapohitajika zaidi.

== Takwimu na mipaka yake ==

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 taarifa za serikali ziliweka mahitaji ya mafuta ya kupikia kati ya tani 570,000 na 650,000 kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani chini ya nusu ya kiasi hicho.

Takwimu za uzalishaji wa mbegu hazikubaliani kila mara na hali hiyo. Baadhi ya takwimu za katikati ya miaka ya 2010 zilionyesha zaidi ya tani milioni 2 za alizeti kwa mwaka. Mizania husaidia kuzipima. Tani milioni 2 zikikamuliwa kwa asilimia 30 hutoa tani 600,000 za mafuta, ambazo zingetosha karibu nchi nzima. Lakini mafuta ya nje yaliendelea kuingia kwa wingi, mauzo ya alizeti nje hayakuwa makubwa kiasi hicho, wala hapakuwa na maghala yenye uwezo wa kuficha tofauti hiyo. Kwa hiyo ama mavuno yalikadiriwa kupita kiasi, au ukamuaji ulikuwa hafifu sana, au yote mawili.

Nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, hazipimi moja kwa moja akiba ya mbegu za mafuta iliyoko kwa wakulima na wafanyabiashara. FAO hulazimika mara nyingi kukadiria mabadiliko ya akiba kwa kuangalia tofauti inayobaki katika mizania. Makosa ya takwimu za mavuno, za mpakani na za upotevu huangukia humo. Mabadiliko makubwa ya akiba katika mwaka mmoja yanaweza kuwa habari ya kweli kuhusu maghala, au yanaweza kuwa dalili ya hesabu isiyolingana.

Njia ya kuboresha takwimu hizi ni ileile inayomsaidia mkulima: kupima kwa kilo badala ya gunia, kusajili maghala, na kuhesabu akiba angalau mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya mavuno na mara nyingine kabla ya mavuno yanayofuata.

== Tazama pia ==

* Alizeti
* Karanga
* Ufuta
* Mchikichi
* Pamba
* Mradi wa karanga wa Tanganyika
* Kakesio
* Wilaya ya Karatu
* Hifadhi ya Ngorongoro